Chombo kilichopita ndani ya taji la jua: jibu kwa nahodha wa Malindi

Swali: "Salaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni nahodha wa mashua ya uvuvi hapa Malindi. Kila nikipita Ngomeni nayaona yale majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini, na mambo ya anga hunijia akilini. Nimesikia kuna chombo cha Wamarekani kilichopita karibu na jua mkesha wa Krismasi 2024, mahali penye joto la nyuzi milioni na zaidi, kikatoka salama. Mbona hakikuyeyuka? Pili, husemwa kinapima upepo wa jua. Huko juu hakuna hewa. Sasa huo upepo unapimwaje? Tatu, ni upepo huo unaonipotezea GPS usiku mwingine nikiwa nje ya mwamba?"

Jibu: Waaleikum salaam, Nahodha. Nianze na jambo linalowatatiza wengi: pale karibu na jua, kinachounguza si joto la hewa yake bali mwanga wake. Hewa ile ina nyuzi milioni kweli, lakini chombo hicho, Parker Solar Probe cha NASA, shirika la anga la Marekani, hakikujengwa kupambana nayo. Kilijengwa kukaa kivulini.

Jua tunaloliona kila siku, lile duara linaloumiza macho, si jua zima. Juu ya uso wake kumetanda hewa nyembamba mno inayofika mamilioni ya kilomita, nyeupe kama lulu, ambayo macho matupu huiona pale tu mwezi unapolifunika duara lote. Wataalamu huiita korona, neno la Kilatini lenye maana ya taji, na virusi vya korona navyo vilipata jina kwa umbo hilohilo. Hapa nitasema taji la jua. Uso wa jua una nyuzi 5,500 za Selsiasi hivi. Taji lililo juu yake lina nyuzi milioni 1 hadi 3. Ni kama uondoke jikoni kwenda uani, na kila hatua joto lizidi. Kwa nini iwe hivyo ndilo swali kubwa lililofanya vyombo kama hiki vitumwe.

Namba hiyo haikukisiwa. Mwaka 1869, jua lilipopatwa kule Marekani, waliokuwa wakiuchambua mwanga wa taji rangi kwa rangi waliona mstari wa kijani usiofanana na wa elementi yoyote iliyojulikana. Walidhani ni kitu kipya, wakakiita koroniamu. Ilipita miaka sabini na kitu ndipo mwanafizikia Bengt Edlén wa Sweden alipoonyesha kwamba ni chuma kilekile cha misumari, ila kimepokonywa elektroni 13 kati ya 26 zake. Chuma hakipokonyeki kiasi hicho mpaka joto lipite nyuzi milioni moja. Huo mstari wa kijani ndio kipimajoto chetu.

Sasa kuyeyuka. Joto kali ni jambo moja, na kuungua ni jingine. Fundi wa mashua akikata msumari kwa grenda, cheche zinamrukia mkononi. Kila cheche ni chuma kinachowaka, nyuzi elfu na zaidi, naye anaendelea na kazi. Lakini tone moja zito la mafuta kutoka karai la mahamri, nyuzi 180 tu, litamtoa lengelenge. Cheche ina joto kali ila mwili wake ni mdogo, haina cha kukupa. Tone la mafuta lina mwili. Hewa tunayovuta pwani ina chembe bilioni 25 mara bilioni moja katika kila sentimita moja ya ujazo. Pale chombo kilipopita, sentimita hiyohiyo ina chembe za kuhesabiwa kwa maelfu. Kila moja ni kali kama cheche, lakini hazitoshi kuchemsha chochote.

Mwanga ndio wenye mwili. Chombo chenyewe, Parker Solar Probe, kilirushwa na NASA kutoka Cape Canaveral tarehe 12 Agosti 2018. Tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa jua, kwa kasi ya kilomita 692,000 kwa saa. Tuzilete namba hizi nyumbani. Umbali wa dunia na jua ni kilomita milioni 150. Tuseme huo ndio mwendo wa Malindi hadi Lamu kwa mstari ulionyooka, kama kilomita 137. Kwa kipimo hicho jua litakuwa duara lenye upana wa kilomita moja na robo, limekaa Lamu, na chombo kimelisogelea hadi kilomita tano na nusu. Na kwa kasi ile, Malindi hadi Lamu ya kweli isingekichukua hata sekunde moja. Katika umbali huo mwanga wa jua ni mkali mara 475 kuliko unaoifikia dunia: kila mita moja ya mraba hupigwa na kilowati 650 hivi. Chukua pasi 650 za umeme za wati 1,000, uzibane zote kwenye eneo la meza moja, uziwashe kwa pamoja.

Lakini mwanga una tabia moja ya kutusaidia: husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo unakingika. Ngao ya Parker ni duara lenye upana wa mita 2.4 na unene wa sentimita 11.4. Katikati kuna sponji ya kaboni, asilimia 97 yake ikiwa ni uwazi mtupu, imebanwa na bamba mbili za kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Upande unaolitazama jua umepakwa kauri nyeupe ili mwanga mwingi urudi ulikotoka. Ngao yote ina kilo 73, haifiki gunia la mahindi la kilo 90. Uso wake uliundwa ustahimili nyuzi 1,370. Nyuma yake, vilipokaa vyombo vya kupimia, joto ni nyuzi 30 hivi, kama barazani Malindi saa nane mchana. Na ngao haikukalishwa moja kwa moja juu ya mwili wa chombo. Imeshikiliwa na vyuma vya titani kwenye sehemu sita tu, kwa sababu kila chuma kinachoigusa ni njia ya joto kuteremka, kama mkono wa sufuria usio na mpini wa mbao.

Wazungu wa ESA, shirika la anga la Ulaya, waliorusha chombo chao cha kulichunguza jua, Solar Orbiter tarehe 10 Februari 2020 wakishirikiana na NASA, walichagua kinyume chake: ngao nyeusi, iliyopakwa unga wa mifupa iliyochomwa. Wengi hushangaa, maana nyeusi hunywa joto. Ila chombo hicho husogea hadi kilomita milioni 42 tu, ngao yake hufika nyuzi 500 hivi, na kilichowatia hofu si ukali wa joto bali miaka. Rangi nyeupe ikipigwa na mionzi ya jua muda mrefu hufifia na kuwa ya kijivu, na ikibadilika, hesabu yote ya joto inaharibika njiani. Nyeusi tangu mwanzo haina rangi ya kupoteza.

Kuna kitu kimoja kisichoweza kukaa kivulini: paneli za umeme. Zikijificha zote, chombo kinazimika. Zikitoka zote, zinaungua. Parker hufanya hivi: kikikaribia jua, hukunja paneli nyuma ya ngao na kuacha ncha tu ichungulie, tena kwa kuinama. Ncha hiyo bado hupata joto la kuiua, kwa hiyo nyuma yake hupita maji, karibu lita 4 ya maji safi yaliyoondolewa madini, yanayosukumwa na pampu hadi kwenye rejeta nne zilizo chini ya ngao. Yako chini ya presha, kama maji ya rejeta ya gari yenye mfuniko mzima, yasichemke hata yakifika nyuzi 125. Injini ya mashua yako humwaga joto lake baharini. Huko hakuna bahari wala hewa, na joto lina mlango mmoja tu wa kutokea: kumeremeta kutoka kwenye bamba la rejeta kama mwanga usioonekana kwa macho.

Hatari kubwa ni kuyumba. Chombo kikiinama kidogo, kivuli cha ngao kinahama na kitu kilichokuwa salama kinatokeza kwenye mwanga. Waliokitengeneza hawawezi kukiokoa, kwa sababu habari kwa mawimbi ya redio huchukua dakika kama nane kufika duniani na nane nyingine kurudi. Ndiyo maana kandokando ya mwili wake, pale pale kivuli kinapoishia, vimewekwa vihisio vidogo, kila kimoja nusu ya simu ya mkononi. Kihisio kikiguswa na mwanga, kompyuta inajua upande uliofichuka na inakinyoosha chombo papo hapo bila kumwuliza mtu. Siku za kupita karibu kabisa hakina hata mawasiliano. Safari ile ya mkesha wa Krismasi, duniani walisubiri kimya mpaka karibu saa mbili asubuhi ya 27 Desemba kwa saa zetu, ndipo ikaja sauti moja nyembamba ya redio yenye maana ya "mimi mzima". Vipimo vyenyewe vilihifadhiwa ndani, vikateremshwa baadaye kupitia antena kubwa zilizoko California, Hispania na Australia.

Watu wengi hudhani kwenda juani ni kujiachia uanguke. Sivyo. Dunia inazunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, na chochote kinachotoka duniani hutoka na mwendo huo wa ubavuni. Ukiruka kutoka matatu iliyo mwendoni, miguu inagusa lami lakini mwili bado una kasi ya gari. Ili uangukie jua ni lazima kasi hiyo uiue, na kuiua huhitaji nguvu mara 55 ya ile ya kwenda Mirihi. Hakuna roketi ya kutosha. Parker kiliiua kidogokidogo kwa kupita karibu na sayari ya Zuhura mara saba, kati ya Oktoba 2018 na 6 Novemba 2024, kila mara kikiiachia Zuhura sehemu ya kasi yake, na mzunguko wake ukabana hadi kulifikia taji.

Tuje kwenye upepo. Umesema kweli kwamba huko hakuna hewa ya kuvuta. Hata hivyo jina la upepo linafaa, maana unatokana na sababu ileile ya kaskazi na kusi: kitu hukimbia kutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye ndogo. Taji lina joto jingi mno, mvutano wa jua hauwezi kulizuia lote, kwa hiyo linamwagika pande zote bila kukoma. Mwanafizikia wa Marekani, Eugene Parker, alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1958, na wataalamu walioisoma makala yake kwa niaba ya jarida waliikataa. Mhariri ndiye aliyeipitisha. Chombo cha Wasovieti Luna 1 kilipata dalili za kwanza mwaka 1959, na Mariner 2 ya Marekani, ikielekea Zuhura mwaka 1962, iliupima upepo huo kwa miezi bila kuukosa hata siku moja. Parker mwenyewe alikuwepo, na umri wa miaka 91, chombo chenye jina lake kiliporushwa.

Kinachovuma ni chembe za atomu zenye umeme, protoni na elektroni, pamoja na viini vichache vya heli. Hapa kwetu, kwenye umbali wa dunia, ni kama chembe tano tu kwa kila sentimita ya ujazo, zikienda kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde. Tanga lako halitausikia. Kwa hiyo haupimwi kwa kusukuma kitu, unapimwa kwa kukamata chembe na kuuhesabu umeme wake.

Kifaa chake kikuu kinaitwa kikombe cha Faraday. Fikiria kikombe kilicholala, mdomo ukilitazama jua. Mdomoni kuna nyavu za waya mwembamba, na kwenye kitako kuna bamba la chuma. Protoni ina chaji chanya. Ikigonga bamba inaacha chaji hiyo, na chaji nyingi zikifuatana ni mkondo wa umeme, mdogo sana, lakini unapimika. Sasa weka volti chanya kwenye wavu wa kati. Wavu unazisukuma protoni nyuma, na zitakazopita ni zile tu zenye kasi ya kuushinda. Wewe unaujua wavu wa jicho dogo na wa jicho kubwa. Hapa jicho hubadilishwa kwa kupandisha volti. Protoni inayokwenda kilomita 400 kwa sekunde inazuiwa na volti 835 hivi. Inayokwenda 800 inahitaji mara nne yake, kama volti 3,340. Kifaa hupandisha volti hatua kwa hatua na kuandika kila mara mkondo umepungua kiasi gani. Volti ambayo mkondo unaanguka kwa kishindo inakupa kasi ya upepo. Mkondo wenyewe unakupa wingi wa chembe. Na kama mkondo unaanguka taratibu badala ya ghafla, maana yake chembe hazina kasi moja, zinatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo joto la upepo.

Kuna jambo tamu zaidi. Kiini cha heli kina uzito mara nne ya protoni na chaji mara mbili. Kikienda kasi sawa na protoni, kinahitaji volti mara mbili kuzuiwa. Kwa hiyo mkondo huanguka mara mbili: kwanza kwa protoni, halafu tena kwa volti maradufu. Bila kuugusa upepo kwa mkono umeshajua umechanganyika na nini. Bamba la kitakoni nalo limekatwa vipande vinne. Kipande cha kushoto kikipata umeme mwingi kuliko cha kulia, upepo umeingia kwa pembe, na pembe hiyo inahesabika.

Kikombe cha Parker kinachungulia nje ya ngao, kinapigwa na mwanga wote. Kimetengenezwa kwa mchanganyiko wa titani, zikoniamu na molibdenamu unaoyeyuka kwenye nyuzi 2,349, na nyavu zake ni za tangsteni. Shida kubwa ilikuwa nyaya za umeme, kwa sababu hakuna plastiki inayovumilia pale. Walitumia waya za niobiamu zilizopitishwa ndani ya mirija ya yakuti iliyokuzwa maabara. Kabla ya safari walikipasha moto kwa projekta nne kubwa za sinema zilizorekebishwa, na kule Ufaransa katika tanuri la jua la Odeillo, lenye vioo 10,000 vinavyokusanya mwanga mahali pamoja.

Hata hivyo kikombe hakitoshi, na sababu yake baharia ataielewa kuliko profesa. Mashua ikikimbia, upepo unaousikia usoni si ule halisi; umechanganyika na mwendo wa mashua, unaonekana kutoka mbele zaidi. Parker kikiwa karibu kabisa na jua kinakwenda kilomita 190 kwa sekunde kwa ubavu, wakati upepo pale bado haujapata kasi yake yote. Matokeo yake upepo unaonekana kuja kwa pembe kubwa, na sehemu yake nzuri inaukosa mdomo wa kikombe. Ndiyo maana kuna kifaa kingine upande wa mbele wa mwendo, kimekaa kivulini, kinachozipokea chembe hizo kutoka ubavuni.

Nusu ya pili ya kazi ni sumaku. Upepo wa jua hubeba sumaku ya jua, na kwenye umbali wa dunia nguvu yake ni nanotesla 5 hivi. Sumaku ya dunia hapa pwani ni kama 33,000. Dira ukiiweka karibu na injini au spika ya redio inadanganya. Chombo cha anga nacho kimejaa mikondo ya umeme inayodanganya vilevile, kwa hiyo vipimasumaku vimefungwa kwenye mkono mrefu nyuma ya mkia, na huwa zaidi ya kimoja: cha karibu na mwili husikia zaidi kelele za chombo, na tofauti baina yao huwezesha kelele hiyo kuondolewa.

Vifaa hivi viwili vikisomwa pamoja ndipo tunajua chombo kimeingia kwenye taji. Ndani ya taji, mtikisiko wa sumaku husafiri kama wimbi kwenye kamba iliyokazwa, na kasi ya wimbi hilo huhesabiwa kwa nguvu ya sumaku na wingi wa chembe. Karibu na jua wimbi lina kasi kuliko upepo, kwa hiyo linaweza kurudi juani. Upepo kila unavyotoka unaongeza kasi, hadi mahali unapolipita wimbi. Ni kama mlango wa bahari maji yakitoka siku za bamvua: hadi kasi fulani mwogeleaji anarudi ndani, ikizidi hapo anachukuliwa na hana njia. Mpaka huo ndio mwisho wa taji na mwanzo wa upepo. Tarehe 28 Aprili 2021, kilomita milioni 13 juu ya uso, vipimo vilionyesha kwa mara ya kwanza wimbi likiwa na kasi kuliko upepo. Chombo kiliingia na kutoka mara tatu katika safari ile moja, na kwa hiyo tukajua mpaka si duara laini, una mikunjo na ndimi. Kabla ya hapo, Parker kilikuwa kimekuta sumaku ya upepo ikijipinda kinyumenyume kwa dakika au saa kisha kujinyoosha. Inaelekea mapindo hayo yanatokana na sumaku zinazokatika na kuungana upya karibu na uso, na hapo huenda ndipo ilipo sehemu ya jibu la joto la taji.

Vipimo hivyo vyote ni vya mahali chombo kilipo tu. Kuliona taji zima kunahitaji kamera, na kamera nayo inahitaji kivuli. Taji karibu na ukingo wa jua lina mwanga wa sehemu moja ya milioni ya duara lenyewe. Unapotafuta mashua mbele ya jua la jioni unakinga kwa kiganja. Kamera ya taji huweka kisahani mbele ya lenzi. Tatizo ni kwamba mwanga hujipinda kidogo unapopita ukingoni mwa kisahani, ukafunika sehemu ya chini ya taji, ile hasa inayotafutwa. Kisahani kikiwa mbali zaidi, kasoro hupungua, na mwezi uko mbali kilomita 384,000, ndiyo maana kupatwa kwa jua bado hakuna mpinzani. Kivuli kamili cha mwezi kilipita Kenya tarehe 30 Juni 1973 na 16 Februari 1980. Kile cha 2 Agosti 2027 kitapita kaskazini yetu. Sisi pwani tutaona jua limemegwa, na taji halitaonekana, kwa sababu hata kipande chembamba cha duara kikibaki kinalimeza. Usilitazame bila miwani maalumu.

Wazungu walitafuta njia ya kuusogeza mwezi karibu: Proba-3, setilaiti mbili zilizorushwa kutoka India tarehe 5 Desemba 2024, zinazoruka zikiachana mita 150. Ya mbele ina kisahani cha mita 1.4, ya nyuma ina kamera, na kivuli kinachoifikia kamera kina upana wa sentimita 8 tu. Zikipishana milimita chache, picha imeharibika. Zikilingana, zinapata kupatwa kwa jua kwa muda hadi saa sita katika kila mzunguko.

Njia nyingine haihitaji kisahani, na hapa Ngomeni ina historia yake. Uso wa jua, kwa nyuzi 5,500, hautoi eksirei za maana. Taji, kwa nyuzi milioni, linazitoa. Ukilitazama jua kwa eksirei, duara linakuwa jeusi na taji linang'aa mbele yake. Mionzi hiyo haifiki ardhini, angahewa inainywa yote, ni lazima upande juu. Setilaiti ya kwanza kujengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za anga ilirushwa kutoka kwenye majukwaa yale unayoyapita, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Haikutumwa kulichunguza jua, ilitafuta nyota, lakini ufundi ni wa ukoo mmoja.

Kamera ya zamani na ya kutegemewa ni ya SOHO, iliyorushwa 2 Desemba 1995, ikakaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua. Tarehe 25 Juni 1998 ilipotea kwa makosa ya amri zilizotumwa kutoka duniani: ikageuka, paneli zikaacha kulitazama jua, umeme ukaisha, mafuta ya kuiongozea yakaganda. Walisubiri mzunguko wake wenyewe uzirudishe paneli kwenye mwanga, wakachaji betri, wakayeyusha mafuta kidogokidogo, na kufikia Septemba ikawa imelielekea jua tena. Jirani zake ni ACE ya 1997 na DSCOVR ya 2015, na hizo zilijengwa kupima upepo kwa vifaa vya aina niliyoieleza. Kamera kama ya SOHO huona jua likitapika wingu la taji. Vyombo vya aina ya ACE na DSCOVR hulihisi wingu likipita. Upepo wa kilomita 400 kwa sekunde ukiwapita, unatufikia baada ya saa moja. Wa 800, nusu saa. Hiyo ndiyo tahadhari yote tuliyonayo yenye uhakika, maana mwelekeo wa sumaku ya wingu, unaoamua kama litaitikisa dunia au litapita hivihivi, haujulikani mpaka lipimwe hapo.

Kuhusu GPS yako: mara nyingi si upepo wa jua. Pwani yetu iko karibu na ikweta, na hapa jua likizama tabaka la umeme lililo kilomita mia kadhaa juu hubomoka chini haraka kuliko juu. Sehemu nyepesi ya chini inapanda ndani ya nzito kama mapovu, na mawimbi ya setilaiti yakipita kwenye mapovu hayo yanamemeteka, mashine ikapoteza setilaiti. Huwa kati ya saa 1 na saa 6 usiku, hasa Machi na Aprili, na Septemba na Oktoba, katika miaka jua lilipochachamaa kama hii ya karibuni. Chanzo ni mionzi ya jua ya mchana kutwa. Dhoruba kubwa ya upepo wa jua, kama ya 10 na 11 Mei 2024, inaweza kuyaongeza mapovu au hata kuyazuia, kutegemea saa iliyotufikia.

Fanya hivi. Ikipotea, fungua ukurasa wa setilaiti na uangalie mistari inayoonyesha nguvu ya mawimbi ya kila setilaiti. Ikiwa setilaiti za upande mmoja wa anga zinaruka-ruka na nyingine zimetulia, ni mapovu, ngoja, yatapita. Ikiwa zote zinaanguka kwa pamoja, mchana au usiku, hasa mashua ikiyumba, huenda tatizo liko kwenye waya wa antena. Fungua plagi yake utafute kutu ya kijani, isafishe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe kabisa, ipake grisi ya umeme na uifunge kwa utepe wa mpira. Ukinunua mashine mpya, chagua inayopokea setilaiti za Galileo za Ulaya na BeiDou za China pamoja na GPS, na masafa mawili, L1 na L5: setilaiti zikiwa nyingi, povu haliwezi kuzifunika zote. Dira ya sumaku iache palepale ilipo, mbali na spika.